Nyasi za Sakafuni za Ma Leokadia

Nimestaafu nikiwa na umri ambao wengine ndiyo kwanza wanatafuta kazi. Si kwamba nimechoka. Daktari wa watu alinisikiliza kifua, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akatikisa kichwa. Manyoya, vumbi la nyasi, dawa za kuogeshea ng'ombe: vyote hivyo mapafu yangu hayavitaki tena. Nilimuuliza kama barakoa ingesaidia. Nikamuuliza kama barakoa mbili zingesaidia. Nikamuuliza kama labda alikuwa amesikiliza upande mmoja zaidi ya mwingine. Alinivumilia sana. Wiki ileile wenzangu wa dukani waliniaga kwa soda na senene wa kukaanga, wakaniita Bibi Mstaafu, tukacheka, kisha nikaenda nyuma ya duka nikalia kidogo karibu na mifuko ya pumba.

Aliyeniambia niandike ni Mzee Novati, mwenye duka. Kuna vijana wawili wanaokuja kushika nafasi yangu, nao watakuwa na vyeti vizuri na woga mwingi kama niliokuja nao mimi. "Wewe unafikiri kupita kiasi, binti," aliniambia. "Sasa fikirieni kwenye karatasi, wewe na huo wasiwasi wako, na wengine wafaidi." Kwa hiyo hapa hamtakuta habari za mshahara. Mtakuta ng'ombe mmoja kwa kifupi, na sungura mmoja kwa kirefu.

Mzee Novati alikuwa bwana mifugo wa serikali kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka la dawa za mifugo hapa Rubwera. Siku yangu ya kwanza nilifika na shahada ya sayansi ya wanyama na begi lenye glavu za aina tatu. Alinipa mabuti yaliyonizidi miguu, tochi, kipimo cha kusikilizia tumbo ambacho mpira wake ulikuwa umefungwa kwa plasta, na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano yake. Bomba hilo, alisema, litanifaa kuliko vitu vyote, kwa sababu wanyama wengi hawahitaji kuchomwa, wanahitaji kunyweshwa. Halafu akasema: "Huko vijijini watakuita dokta. Usibishane nao njiani, utawachelewesha. Lakini ukifika kwa mnyama ukaona jambo ni la daktari, sema ni la daktari, umpigie." Hilo nimelishika mpaka mwisho. Nilipiga simu nyingi. Mara moja nilimpigia Mzee Novati mwenyewe kumuuliza kama kuku niliyemkuta amekufa nimemwangalia sawasawa.

Kazi yangu ya kwanza ya tumbo ilikuwa katika kijiji cha Kihanga: ng'ombe aliyeingia kwenye shamba la viazi vitamu alfajiri na kula majani yenye umande hadi ubavu wa kushoto ukapanda juu kama ngoma. Ng'ombe ni mnyama anayejieleza. Anakoroma, anapiga teke tumbo lake mwenyewe, ukigonga ubavu unasikia hewa. Tulimnywesha mafuta, tukamtembeza mlimani kichwa juu, gesi ikatoka, mwenye ng'ombe akanipa mkungu wa ndizi ambao sikuweza kuubeba. Nilirudi nikidhani nimeyajua matumbo.

Sungura hajielezi. Sungura mgonjwa anakaa kimya pembeni, amejikunja, na mwenyewe akimwangalia anasema leo ametulia. Utumbo wake umeumbwa uwe unatembea saa zote, na hawezi kutapika hata kama angetaka. Nyasi ndefu ndizo zinazousukuma. Zikikosekana, utumbo unapunguza mwendo, chakula kinakauka ndani, gesi inajaa, maumivu yanamkatisha hamu ya kula, na kwa kuwa hali, utumbo unazidi kusimama. Ni mzunguko mbaya. Sungura mzima anaweza kuishia hapo kati ya leo na kesho. Sungura mzee ana muda mfupi kuliko huo.

Nilikuwa nimeshazoea kazi kiasi pale Deus alipoingia dukani. Tulimfahamu wote, ni mtumishi wa ofisi za wilaya, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache. Aliuliza kama kuna dawa ya sungura asiyekula.

"Ana umri gani?" nikamuuliza.

"Baba ndiye aliyemleta nyumbani, na Baba amefariki siku nyingi. Ni mzee, Dokta. Mama anamwita Kaikuru."

Kwa wasiojua Kinyambo, Kaikuru ni bibi kizee. Nikamwambia siwezi kutoa dawa kwa sungura nisiyemwona. Alisita. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hakukusudia kuliambia duka zima. Mama yake, Ma Leokadia, alikuwa akiishi peke yake Chonyonyo, kwenye kibanja cha familia, katikati ya migomba na kahawa. Deus na mkewe walikuwa wakimbembeleza ahamie kwao Rubwera tangu baba afariki. Kila mara alikuwa na sababu: kahawa haijachumwa, mbuzi anazaa, kuku wanatamia. Kahawa ikachukuliwa na wajomba, mbuzi wakauzwa, kuku wakaisha. Ikabaki sababu moja. Siwezi kumwacha Kaikuru, na huko kwenu hawezi kuzoea. Basi wakapatana, mama na mwana, mbele ya mzee wa kanisa: mradi Kaikuru yu hai, mama anabaki Chonyonyo. Siku akiondoka, mama anahama bila neno.

"Kwa hiyo akifa wewe umepata unachotaka," alisema Mzee Novati kutoka nyuma ya kaunta. Yeye husema wazi tu.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," Deus akajibu. "Nisingependa mama aje kufikiri kwamba nilikawia."

Tulikwenda na pikipiki yake, tukavuka kutoka wilaya ya Kyerwa kuingia ya Karagwe, mimi nyuma nimekumbatia begi na kufikiri juu ya kila kitu kinachoweza kuwa. Meno. Minyoo. Sumu ya panya. Uvimbe. Nilipofika nilikuwa nimeshamzika yule sungura mara nne.

Ma Leokadia alitupokea mlangoni, mwembamba, mnyoofu, kitenge kimefungwa kifuani, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye dokta? Mbona mdogo hivi? Wewe ndiye waliyembakiza dukani?"

"Wakubwa wameenda kwa ng'ombe, Bibi."

Alicheka, akatupisha. Nyumba ilikuwa safi ajabu. Chini kulikuwa na vigae vyeupe vinavyong'aa ukuta hadi ukuta, na Kaikuru alikuwa amekaa kwenye kona juu ya kipande cha kanga, wa kijivu, macho nusu, akisaga meno polepole. Kusaga meno kwa namna ile si kutafuna. Ni maumivu. Nilipiga magoti na kuweka kipimo tumboni. Tumbo la sungura mzima linanguruma kidogokidogo, kama chungu cha maharage kwenye moto mdogo. La Kaikuru lilikuwa kimya. Nikahamisha kipimo. Kimya. Nilisikiliza muda mrefu mpaka Deus akauliza kama kimeharibika.

Tumbo halikuwa gumu kama ngoma, na hilo lilinipa nafuu, kwa sababu likiwa gumu ghafla huenda njia imeziba, na hapo usimlazimishe chakula wala dawa ya kusukuma, mwite daktari. Nilimpigia daktari wa mifugo nikamweleza nilichokiona, akakubaliana nami, akaniambia dawa ya maumivu na kiasi chake. Nimeandika hili kwa makusudi. Na lingine: msimpe sungura dawa za jamii ya penisilini kwa mdomo, hata mwenyewe akikuonyesha kopo na kukwambia ilimponya mbuzi. Zinaua wadudu wazuri wa tumboni, na sungura anawafuata.

Niliangalia meno kwa tochi. Yalikuwa ya kizee, moja la nyuma lina ncha, lakini si ya kumzuia kula. Nikamuuliza Ma Leokadia huyu Kaikuru anakula nini.

"Anakula ninachokula mimi," alisema kwa fahari. "Ndizi nimezichemsha nikazipondaponda zikawa laini, bila chumvi. Na uji wa ulezi. Huyu ni mzee, mjukuu wangu. Utampa mzee majani makavu ayatafune? Watu watanionaje?"

Mnaotoka nyumba za huku mnamwelewa. Mzee hapewi kitu cha kumtesa mdomo. Anapondewa, anapozewa, anatangulizwa. Ma Leokadia alikuwa amemfanyia Kaikuru heshima yote anayostahili bibi kizee, na heshima ile ilikuwa laini mno kwa utumbo wa sungura.

"Tangu lini umempondea, Bibi?"

"Tangu alipoanza kukaa tu. Zamani hakuwa na shida, alikuwa anajilia mwenyewe."

"Alikuwa anakula nini?"

"Mimi sijui. Majani ya viazi kidogo nikimpa. Siku nzima alikuwa anazunguka humu ndani tu, mdomo unacheza."

Humu ndani. Nikaangalia vigae. Nikamuuliza hapa chini palikuwaje kabla ya vigae.

"Udongo. Na nyasi nilizotandika, kama kwa mama yangu. Nilikuwa nabadilisha, lakini zilikuwa zinaisha upesi, hasa chini ya kiti changu." Akainama kuchungulia chini ya kiti. "Nilidhani ni panya."

Alituongoza hadi jiko la nje, ambako alikuwa bado ametandika nyasi kavu kwa mtindo wa zamani. Nikachutama, nikaokota kutoka pembezoni, karibu na mlango, nyasi zilizokatwa ncha sawasawa kwa mshazari, nyingi, kama zimepunguzwa kwa mkasi mdogo. Kaikuru alikuwa akienda huko zamani, alipoweza kuvuka kizingiti. Miaka yote ile alikuwa anakula sakafu ya nyumba, usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kuhesabu kwamba hicho ni chakula. Deus alipoleta mafundi wa vigae, nyasi zikafagiliwa zikatupwa. Unyayo wa sungura una manyoya, kwenye kigae unateleza, na nyonga za kizee zinaogopa kuteleza. Akaacha kutembea. Mama akaona amezeeka, akaanza kumpondea ndizi.

Nilikaa jikoni pale nimeshika nyasi mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa natafuta namna ya kusema. Kwa mama, kwamba ndizi zake ndizo zinamuumiza. Kwa mwana, kwamba ni sakafu yake, aliyoijenga kwa kujinyima ili mama asilale kwenye vumbi. Niliandaa sentensi tatu kichwani, zote zikaanza na "si kwamba". Mwisho nikasema tu kilichotokea, kwa mfuatano, bila kumtazama mtu.

Deus alisimama mlangoni. "Kwa hiyo ni vigae."

"Ni vigae na ndizi na uzee," nikasema. "Hakuna hata kimoja kibaya peke yake."

"Mama, umeshinda. Sungura wako amekataa vigae vyangu."

"Mimi sijasema neno," alisema Ma Leokadia. "Mimi navipenda. Vinang'aa. Nikitaka kuvivuka nashika ukuta, basi."

Tulianza kazi. Nilimpa Kaikuru dawa ya maumivu, maji ya chumvichumvi chini ya ngozi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo ubavuni. Ma Leokadia alitwanga nyasi kavu kwenye kinu hadi zikawa unga, tukaloweka kwa maji ya uvuguvugu, tukachuja, na kwa bomba la Mzee Novati nikamnywesha kidogokidogo kutoka pembeni ya mdomo, nikimsubiri ameze kila mara. Mkimharakisha inaingia kwenye mapafu. Kati ya kunywesha na kunywesha, Ma Leokadia alimsugua tumbo kwa viganja, akimsemesha Kinyambo. Deus, kwa shati lake la ofisini, alikuwa amekwenda pembeni ya kibanja kukata nyasi. Alirudi na mzigo kichwani, akatandika chumba cha mama yake chote, juu ya vigae.

Nilibaki Chonyonyo usiku ule, na Deus naye. Kesho yake asubuhi, kwenye nyasi mpya, palikuwa na punje chache ndogo, ngumu, zimeungana kwa unywele. Ni vigumu kumweleza mtu wa nje kwa nini watu wazima watatu walisimama wakitazama mavi ya sungura kwa furaha ile. Ma Leokadia alipiga kigelegele. Mchana Kaikuru alivuta unyasi mmoja, akautafuna kutoka mwisho hadi mwisho bila kuuachia, kama mtu anayekumbuka jambo. Nilipomsikiliza tumbo, maharage yalikuwa yameanza kuchemka.

"Tulipatana, Mama," Deus alisema tulipokuwa tunaondoka. "Akiondoka, unakuja."

"Bado hajaondoka," alisema Ma Leokadia.

Natamani kuwaambia kwamba tuliwapa miaka. Tuliwapa msimu mmoja wa kahawa na mvua zilizofuata. Kila nilipopita upande ule niliingia, nikamkuta Kaikuru chini ya kiti, mdomo unacheza, na bibi juu ya kiti, miguu peku kwenye nyasi, wote wawili wakitazama mlango. Nimewahi kutibu wanyama wa thamani kubwa zaidi. Sijawahi kutamani hivyo mnyama asizeeke.

Kaikuru aliondoka kwa uzee, usingizini, tumbo lake likiwa zima. Deus alinichukua twende wote, nadhani aliogopa kufika peke yake. Tulimkuta Ma Leokadia ameshamzika chini ya mgomba, na mkoba wake uko mlangoni, umefungwa.

Njiani nilikuwa nimepata wazo, nikalisema kabla ya kulifikiria, jambo ambalo kwangu ni nadra. "Bibi, nikikuletea sungura mwingine? Mdogo."

Deus alitazama chini. Angekubali, nilimwona.

"Hapana, mjukuu wangu," alisema Ma Leokadia. "Neno langu lilikuwa juu ya huyu." Akachukua mkoba, akafunga mlango, akampa mwanawe ufunguo.

Nilimtembelea Rubwera mara kadhaa. Nyumba nzuri, watu wema. Mkewe Deus alimpondea kila kitu: ndizi, viazi, hata papai. Alimpozea, akamtanguliza. Ma Leokadia alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu juu ya vigae, na sahani imejaa.

"Meno yangu yote ninayo," aliniambia kwa sauti ya chini, akanionyesha. "Na kutembea humu naogopa. Waambie. Ulivyotuambia kule kwangu."

Mimi si daktari wa watu. Niliwaza hivyo kwa dakika kadhaa, kisha nikamwambia Deus getini, kwa mfuatano, kama jikoni siku ile. Alisikiliza huku anachezea ufunguo wa pikipiki.

"Unasema mama yangu ni sungura?"

"Nasema ana meno."

Akatia ufunguo mfukoni. Alirudi ndani, na nilitembea hadi dukani nikiamini nimepoteza familia nzima.

Siku ya mwisho ya kazi yangu, baada ya soda na senene, Deus aliingia dukani. Nilidhani amekuja kuniaga. Aliuliza kama tunamjua mtu anayeuza nyasi za kutandika. Mama sasa anajimenyea ndizi mwenyewe, alisema, na anazila nzima, na anagombana na mkwewe kuhusu chumvi, ni dalili nzuri. Lakini chumbani kwake anataka nyasi.

"Anataka zile za pembeni ya kibanja chake," alisema. "Nilikwenda jana Chonyonyo. Tuliowakodishia kibanja wamelima mpaka mpakani. Wamepanda maharage."

Mzee Novati alimwelekeza kwa mtu wa Kihanga anayekatia watu nyasi za kutandika sikukuu. Mzigo ulifika jioni kwa bodaboda, mkubwa, mkavu, unanukia. Nilimsaidia Deus kuufungua na kuufunga upya kwenye pikipiki yake, na kifua kikanibana hapohapo, nikakohoa mpaka Mzee Novati akanivuta pembeni kwa mkono.

Deus alivuta unyasi mmoja, akaugeuza kwenye vidole.

"Si zilezile," alisema.

"Hapana," nikasema. "Si zilezile."

Akaurudisha ndani ya mzigo, akaukaza kamba, akaondoka taratibu ili zisidondoke. Ninyi mnaokuja, bomba liko kwenye droo ya chini, limeoshwa. Mkiitwa kwa sungura, kabla hamjamshika, tazameni anakaa juu ya nini, na mwulizeni mwenye sungura palikuwa na nini hapo zamani.